Marimba ya Koko Haikuwa na Fa

Juzi vijana wawili wa kwaya walinijia nyumbani hapa Kasongo, mmoja amebeba kinanda cha umeme kwapani, mwingine ameshika simu. Walikuwa wametazama masomo ya muziki kwenye simu hiyo mpaka vichwa vikawauma. “Mama,” wakaniambia, “utueleze hii ngazi ya muziki, gamme pentatonique. Noti ni tano tu, lakini wanasema iko na modi tano. Namna gani noti zilezile zinakuwa ngazi tano?” Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia kwenye kitenge. Sikuwacheka wao, la hasha. Nilicheka kwa kuwa swali hilo nilikutana nalo nikiwa na miaka tisa, mbele ya wakwe wa mama yangu mdogo. Nikawaambia wakae. Nawe rafiki yangu, kaa basi, maana jambo hili siwezi kulieleza nikiwa nimesimama.

Kila likizo kubwa, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, baba alinipakia nyuma ya kinga, yaani baiskeli, juu ya mfuko wa chumvi, akanipeleka kwa Koko. Koko ni bibi, mama wa mama yangu. Ndivyo tunavyowaita huku. Bonde lake liko mbele ya Wamaza, upande wa Kabambare, na safari ilikula siku mbili kwa sababu kila kilima baba alishuka akasukuma, nami nikashuka nikasukuma kwa mdomo. Tulipofika nilinusa kwanza moshi wa jikoni, kisha mawese yanayochemka, na hapo njaa yote ya njiani ikanirudia kwa pamoja. Koko aliniwekea sombe, yaani kisamvu, na bugali la mihogo bila kuniuliza habari za shule. Habari zilingoja tumbo lishibe.

Kazi yetu watoto ilikuwa kufukuza ndege. Usiulize kama ilikuwa kazi ngumu. Wale ndege wadogo wa kahawia walikuja asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, wakaja tena jua linapoanza kulegea, na kundi moja likitua lilikuwa linaondoka na chakula cha familia. Majirani walipiga makopo na kupayuka mpaka sauti zikakauka. Koko hakupayuka. Alikuwa na kibanda juu ya miti minne katikati ya shamba, na ndani ya kibanda vigogo viwili vya mgomba vimelazwa sambamba, vinanuka maji na utomvu. Juu ya vigogo alipanga vibao vitano vya mti mwekundu mgumu ambao jina lake la Kibangubangu nimelisahau, aibu yangu. Vibao hivyo vilichongwa na marehemu mume wake mwaka walipooana. Vigogo vilioza kila mwaka vikakatwa vipya, lakini vibao vilikuwa vilevile, na baada ya mavuno vilirudishwa kwenye mfuko na kutundikwa juu ya moto jikoni ili wadudu wasivile. Hiyo ndiyo ilikuwa marimba yetu ya ndege.

Na Koko alikuwa na elimu yake juu ya ndege. “Kelele, ndege anaizoea siku mbili,” alisema. “Wimbo nao anauzoea, akijua unalala wapi. Uhamishe nyumba.” Mwanzoni sikumwelewa. Kisha nikaanza kusikia. Asubuhi nyimbo zake zilizunguka vibao vyote vitano, lakini kila mara zilirudi kupumzika kwenye kibao cha kwanza, kile kikubwa, na zilikuwa nyimbo za kuchangamka, za kukufanya utikise mabega. Ndege wakishaanza kutua tena bila haya, Koko alibadilisha. Vibao vilevile, mikono ileile, ila sasa wimbo ulikuwa unapumzika kwenye kibao cha tano, na shamba zima likawa kama linabembeleza mtoto. Akihamia cha pili, ungedhani kuna msiba ng’ambo ya mto. Watu watano wa mtaa mmoja, alisema, lakini leo unalala kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mwenye nyumba ana tabia yake. Kama ndege walidanganyika kweli, sijui. Mimi nilidanganyika kila siku, nikicheka na kununa kwa amri ya vijiti vyake.

Sasa nikupeleke shuleni kidogo, maana kosa lilizaliwa huko. Mwalimu wetu wa kwaya, mtu mfupi mwenye sauti nene, hakuwa na kinanda wala gita. Alikuwa na sisi. Alichagua watoto saba, akatupanga ukutani, akampa kila mmoja noti yake moja, basi. Akikuelekezea fimbo, unaitoa. Hivyo alitupiga kama chombo, na wengine wakajifunza nyimbo kwa kutusikiliza. Mimi nilikuwa Fa. Mwaka mzima nilikuwa Fa, darasani Fa, kisimani Fa, mpaka baba naye akaniita Fa akitaka maji ya kunawa. Ungeniamsha usingizini ningekutolea Fa ileile, haijapanda wala haijashuka. Mi alikuwa mvulana anayekula chaki, na Si alikuwa msichana mwenye kucha ndefu aliyenifinya kila Jumatano. Lakini tulijiona watu wakubwa sana, sisi saba.

Basi likizo ile, nimekaa kibandani na Koko, nikaanza kuimba majina juu ya vibao vyake. Cha kwanza nikakiita do, cha pili re, cha tatu mi, vyote vikakubali. Cha nne nikafungua mdomo kutoa Fa, kibao kikaruka moja kwa moja mpaka so. Nikarudia. Kikaruka tena. Cha tano la, halafu vibao vimekwisha. Fa haikuwemo! Si naye hakuwemo, lakini huyo hakuniuma, kucha zake zile. Nilimgeukia Koko nikamuuliza, “Koko, Fa iko wapi?”

“Fa ni nani?”

“Ni mimi.”

Akacheka, akapangusa jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. “Humu kila mutu iko na kazi yake. Asiyekuwa na kazi, hatukumuweka.”

Alinitania tu, najua leo. Siku ile nililala bila kula, na kwangu hilo lilikuwa jambo la kuitiwa mganga. Yaani mume wake alichonga vibao vitano, akachagua nani aingie nani abaki nje, na mimi nikabaki nje pamoja na yule wa kucha!

Mwaka huo mama mdogo, kitinda mimba wa Koko, alikuwa anaolewa Nyangwe, kwenye familia ya wavuvi wa Lualaba. Bonde lote lilijua kwamba Koko hakufurahia. Hakumchukia kijana, hapana, alimpenda kwa adabu zake. Umbali ndio uliomkereketa. “Nikiugua, nani ataniletea maji, samaki?” alikuwa akisema, na majirani wakayaweka maneno hayo akiba, kama watu wanavyoweka. Mama mdogo naye alimpenda mchumba wake na alimpenda mama yake, na wiki ile macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni.

Na bonde letu lilikuwa na desturi yake. Binti akiondoka, mama yake anamtoa kwa marimba ya ndege, vibao vilevile vilivyolinda mpunga uliomkuza. Upo wimbo maalumu. Unazunguka vibao vyote, unapanda, unasitasita kana kwamba mama amebadilisha nia, halafu mwishoni unalala kwenye nyumba yake, kibao cha kwanza. Ukishalala, binti anaruka kigogo cha mgomba na kwenda, huru. Usipolala, hakutolewa. Anaweza kwenda, hakuna atakayemfunga kamba, lakini ameazimwa tu, na siku ya ugomvi mawifi watamtupia hilo usoni. Jambo lingine: siku hiyo kisu hakigusi marimba, maana kisu kinakata njia ya binti.

Ilikuwa imebaki siku moja. Wanawake wote wako uani, michi inapanda na kushuka, mchele mpya unaruka kwenye nyungo, mtu anaimba, mwingine anamkosoa. Jikoni hakuna mtu. Nikapanda juu ya kigoda, nikaushusha mfuko, nikatoa kibao cha tatu. Kwa nini cha tatu? Kwa sababu Mi na Fa ni majirani wa ukuta mmoja, ilihitajika kupanda kidogo tu. Na kwa sababu niliona hakuna atakayemkosa mla chaki. Koko mwenyewe alikuwa amenifundisha: ukipunguza kibao tumboni, pale katikati, sauti inashuka, ukipunguza miguuni, kwenye ncha zake, inapanda. Nikaenda nyuma ya banda la kuku na kipande cha chupa. Nikakwangua mguu huu, nikakwangua mguu ule, nikagonga, nikasikiliza. Bado. Nikakwangua. Vidole vikatoka damu, sikujali. Mtoto akililia wembe, mpe, walisema wazee, na mimi nilikuwa nimejipa. Jua lilipofika juu ya paa, nikagonga, na mti ule ukaniita kwa jina langu. Fa! Nililia kwa furaha, nakuambia kweli. Nikapaka masizi na mawese pale palipokuwa peupe, nikakirudisha kwenye mfuko, nikaenda kupepeta mchele kama malaika.

Wakwe walifika asubuhi, wamechoka, viatu mikononi, na mafungu ya samaki wa moshi yenye harufu iliyowaita paka wa bonde zima. Vigogo vipya vikalazwa uani. Mama mdogo akasimama nyuma ya mama yake, kitenge kipya, shingo imeinama. Koko akaketi, akapanga vibao kwa mpangilio anaoujua hata akifumba macho, akaanza wimbo wa kumtoa. Kwanza, pili, na mara vijiti vikaangukia cha tatu.

Sijasahau. Wanawake waliokuwa wakiitikia walikatika katikati ya neno. Koko akaanza upya. Cha tatu kikamkataa tena, na wimbo ukawa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Akaanza mara ya tatu. Nyuma yangu nikamsikia jirani, yule aliyekuwa akipiga makopo, anamwambia mwenzake, “Si nilisema? Mama hataki kumutoa mutoto wake.” Neno likatembea. Lilifika kwa wakwe, na mzee wao akaweka mkono kidevuni. Lilifika kwa mama mdogo, na hapo nikaona uso wake. Hakulia. Alimtazama mama yake mgongoni kwa mshangao mchungu, kama anayejiuliza, kweli mama, unanifanyia hivi mbele za watu? Niliona kwamba nilikuwa nimemharibia mtu maisha ili nipate kuwemo kwenye vibao vitano.

Mtu mmoja akasema walete kisu, kibao kipunguzwe tumbo, kishuke. “Hapana kisu leo!” Koko alimkata. Akakiinua kile kibao, akakigeuza. Masizi yangu na mawese yangu yalikuwa yamemwachia rangi kwenye kidole. Alitazama kidole, akatazama miguu iliyokwanguliwa, kisha akainua macho, akayapitisha kwa watoto mmoja mmoja mpaka yakanifikia mimi na vidole vyangu vilivyofungwa matambara. Hayakukaa hata kidogo. Yaliendelea kwa mtoto aliyefuata, kana kwamba hakuona kitu. Nilitamani angenipiga pale pale.

Akakirudisha kibao mahali pake. “Muningojee kidogo,” akawaambia wakwe, kwa sauti ya kawaida kabisa. “Nyumba imehama. Niko natafuta mulango.”

Akaanza kugonga polepole, kibao kimoja kimoja, kichwa ameinamisha. Akajaribu kulala kwenye cha kwanza, hakuna. Akajaribu cha pili, kikambembeleza, kile kilichokuwa cha msiba! Nikaona nyusi zake zimepanda. Akajaribu cha nne, na msiba ulikuwa umehamia huko. Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyemkamata kuku. Kumbe kila nyumba ilikuwa imesogea mbele vibao viwili, na za mwisho zimezunguka kurudi mwanzo. Kubadilisha kibao kimoja kulihamisha mtaa mzima, lakini hakuna hata mmoja aliyekosa mahali pa kulala. Basi nyumba ya furaha, iliyokuwa kwenye cha kwanza, lazima iko kwenye cha tatu. Akagonga cha tatu. Akagonga mara mbili. Akaanza wimbo kutoka pale.

Mwanzo wake ulipanda vizuri, tatu, nne, tano. Halafu vibao vikaisha, na pale wimbo ulipozoea kuendelea kupanda, mikono yake ikarukia chini, kwenye vile vikubwa, ukaendelea na sauti ya kifua. Wanawake walisita, kisha mmoja akaelewa, akaimba juu huku marimba ikiwa chini, na wengine wakamfuata. Nakuapia, wimbo ule haukuwahi kuwa mzuri namna ile. Ulisitasita pale unaposita kila siku, na bonde lote likashika pumzi, mkwe na mkono wake kidevuni, jirani na mdomo wake. Koko alitazama mbele, machozi yanamtiririka, vijiti hewani. Kisha akagonga cha tatu, mara moja, akakiacha kilie mpaka mwisho.

Mama mdogo aliruka kigogo. Vigelegele vilivyopigwa viliwatoa ndege kwenye mashamba matatu.

Jioni Koko aliniita jikoni. “Nani alikutuma?” Nikamwambia ukweli, kwamba mimi sikuwemo kwenye vibao. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikalia kwa nguvu zaidi kwa sababu ya kicheko chake. Adhabu yangu ikawa hii: likizo yote iliyobaki nitwange mpunga asubuhi, na mchana nijifunze upya nyimbo zote pamoja naye, nyumba kwa nyumba, hadi mikono yangu ijue kila mmoja amehamia wapi. Hivyo ndivyo nilivyojua zile modi tano, rafiki yangu. Malengelenge mkono wa kulia ya mchi, mkono wa kushoto ya vijiti.

Jirani alimwambia mara nyingi, punguza tumbo la kile kibao, ni kazi ya muda mfupi tu, kirudi kama mume wako alivyokiacha. Koko alikataa. Katika umri wake alizihamisha nyimbo zake zote, na mimi kwa miaka mingi nilidhani ni uvivu au ukaidi. Nilikuwa msichana mkubwa nilipotambua kwamba toka siku ile kila wimbo wake wa furaha ulikuwa unarudi kulala kwangu.

Baadaye vita vikaja, tukakimbia kama wengi. Tuliporudi kibanda hakipo, jiko halina paa, na mfuko wa vibao haukuonekana. Huenda mtu alivipikia chakula. “Alikuwa na njaa,” Koko alisema. Akaja kuishi nasi mjini, kwenye nyumba ya mabati, mbali na harufu ya mgomba. Vijana wa bonde wengi sasa wako Salamabila wanachimba dhahabu, na wanaobaki na mpunga wanafunga kamba za plastiki zinazolia kwa upepo. Upepo hauna habari ya kubadilisha nyumba. Ndege wanakula.

Nilipoolewa, Koko alikuwa hawezi tena kutembea peke yake. Mama yangu alikulia zaidi mjini na hakujua kupiga, basi Koko akaomba aletwe mezani. Spika zilikuwa zinapiga kelele, watu wanapiga picha. Alinishika mkono mmoja, na mkono mwingine akauweka juu ya meza, vidole vitano, akaanza kugonga. Kila kidole kilikuwa kibao chake. Wageni waliona bibi kizee anayechezacheza na vidole. Mimi nilisikia kila noti. Wimbo wa kumtoa binti, wote, kupanda kwake, kurukia chini kwake, kusitasita kwake. Ukafika mwisho. Kidole cha kati kikainuka juu ya meza, kikabaki juu. Nikangoja. Akakikunja, akaurudisha mkono mapajani.

“Koko, haujalala,” nikamnong’oneza.

“Najua.” Akanipapasa shavu, anacheka. “Nenda, mwanangu. Wewe wakuazime tu.”

Mwaka uliofuata tulimzika. Nina watoto wanne sasa na mume mwema ambaye hadi leo hajui kwamba nimeazimwa. Wanawake walioitikia wimbo ule uani wamekwisha wote, na mama mdogo kule Nyangwe anakumbuka maneno tu. Imebaki noti moja ya kunitoa, na katika ulimwengu huu anayeijua ni mimi peke yangu. Siipigi.